Tuzo haikubadilishwa jina, ilibadilishwa sanamu
Je, World Fantasy Award, tuzo ya fasihi ya njozi, iliwahi kuwa na jina la H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, likaondolewa? Hapana, haijawahi kuitwa rasmi kwa jina lake. Kilichoondolewa ni sanamu ya kichwa chake, iliyobuniwa na Gahan Wilson na kukabidhiwa washindi tangu 1975. Uamuzi wa kuiondoa ulitangazwa Novemba 2015. Sanamu mpya, ya mti na mwezi, ikaanza kutolewa 2017. Mwandishi Nnedi Okorafor, mshindi wa tuzo hiyo 2011, aliandika waziwazi kuhusu shairi la Lovecraft la 1912 linalomweka mtu mweusi kati ya mnyama na binadamu, na shairi hilo ni la kuchukiza kweli. Hoja ya kwamba baadaye Lovecraft alibadilika ni nusu tu ya ukweli: miaka ya 1930 aliunga mkono sera za uchumi za Rais Roosevelt wa Marekani, lakini barua zake za kipindi hichohicho bado zina ubaguzi wa rangi.