Majani Mabichi, Gunzi Tupu: Maswali Yenu Kuhusu Potasiamu

Mvua za mwaka, yaani masika, zimekatika, mihindi imevunwa, na maswali niliyopokea safari hii kutoka kwenu wakulima wa Mombasa karibu yote yana kilio kimoja: mbolea nimetia, mbona mavuno hayalingani na majani?

Bwana Shamba, nilitia DAP nilipopanda, kisha CAN mihindi ilipofika magotini. Ilikuwa mibichi hadi majirani wakanisifu. Lakini ncha za magunzi hazina punje, na upepo ulipovuma mingi ikalala. Nimekosea wapi? (Mwakirunge)

Ndugu yangu, soma namba zilizoandikwa kwenye gunia. DAP ni 18-46-0, yaani asilimia za virutubisho vitatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Namba ya tatu ndiyo ya potasiamu, na hapo pana sifuri. CAN nayo ni naitrojeni, asilimia 26 au 27, pamoja na chokaa. Msimu mzima mihindi yako haikupata potasiamu ila ile iliyoikuta ardhini.

Naitrojeni ndiyo iliyokupa ule ubichi uliosifiwa. Lakini sukari inayotengenezwa majanini lazima isafirishwe mpaka kwenye punje, na msafirishaji mkubwa ni potasiamu. Ikipungua, sukari hukwama njiani na punje za nchani hazijai. Ndiyo pia inayofungua na kufunga vinyweleo vya majani, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na maji, kwa hiyo jua la hapa likichoma, mmea ulioshiba potasiamu huyatunza maji yake vizuri zaidi. Na bua huwa gumu. Mihindi iliyotiwa naitrojeni nyingi bila potasiamu hurefuka upesi, nayo hulala upesi.

Hata hivyo sitaki ukanunue mbolea kwa maneno yangu peke yake, maana ncha tupu huletwa pia na ukame unaokuja wakati ndevu zinatoka. Msimu ujao kagua majani ya chini, yale makuukuu. Yakianza kugeuka manjano nchani, kisha rangi ikafuata kingo na kukauka kama yaliyobabuliwa na moto, hiyo ni njaa ya potasiamu. Manjano yakipita katikati ya jani, kwenye uti wake, ni njaa ya naitrojeni. Ukithibitisha, panda kwa NPK 17-17-17, yenye virutubisho vyote vitatu. Gunia la kilo 50 lina kilo 8.5 za potasiamu, kwa hesabu ya oksidi inayotumiwa na viwanda. Usingoje mbelewele zitoke, kwa sababu kufikia hapo mhindi umekwisha kufyonza sehemu kubwa ya potasiamu unayoihitaji.

Udongo wangu ni mchanga mtupu, na nimepimiwa nikaambiwa potasiamu iko chini. Nimwage gunia zima la MOP siku moja nimalize kazi? (Mtongwe)

Hapana. Mchanga hauna mikono ya kuishika. Mvua kubwa huweza kuiteremsha chini ya mizizi, na fedha yako ikaenda nayo. Igawe mara mbili: nusu wakati wa kupanda, nusu wakati wa palizi ya kwanza. Na kumbuka MOP ni kloridi ya potasiamu, yaani ni aina ya chumvi, tena kali, yenye potasiamu asilimia 60 kwa hesabu ile ile ya oksidi. Ikigusa mbegu huiunguza. Iweke umbali wa vidole vinne kando ya shimo na uifunike.

Mama yangu asema muhogo hautaki mbolea, wazee walilima bila hiyo. Ni kweli? (Kisauni)

Mwanangu, mama hakosei kuhusu wazee, ila wao walikuwa wakiliacha konde lipumzike miaka kadhaa. Wewe una kiploti kimoja unachokilima kila msimu. Muhogo hupenda sana potasiamu, na nyingi huihifadhi kwenye mizizi, kile kile tunachokichimba na kukipeleka sokoni Kongowea. Kila gunia linaloondoka shambani limeondoka na potasiamu yako. Baada ya misimu michache utaona mihogo myembamba, yenye wanga kidogo, ilhali majani juu hayalalamiki.

Kwenye mihindi mambo ni tofauti, na hapa naomba mnisikilize vizuri: potasiamu nyingi hubaki kwenye mabua, si kwenye punje. Ukivuna magunzi na kuyaacha mabua yaoze shambani, umerudisha sehemu kubwa. Ukiyachoma, jivu hupeperushwa na upepo na kusombwa na mvua. Ukiwapa ng'ombe, basi rudisha samadi pamoja na matandiko yaliyolowa mkojo, kwa kuwa potasiamu nyingi ya mnyama hutokea kwenye mkojo. Inaniuma kuona mabua yakichomwa, kisha mwenye shamba akienda dukani kutafuta alichokiteketeza.

Jivu la kuni latosha badala ya mbolea ya dukani? (Shanzu)

Lasaidia. Hata jina la potasiamu kwa Kilatini, kalium, lenye alama K, limetokana na neno la Kiarabu la jivu la mimea. Lakini potasiamu yake ni kidogo, kwa hiyo utahitaji jivu jingi kwa eneo dogo, na jivu lililonyeshewa limekwisha nguvu. Usilichanganye na urea wala samadi mbichi, kwani litafukuza naitrojeni hewani. Kama shamba lako liko juu ya mawe ya matumbawe, punguza kabisa. Udongo huo tayari una chokaa nyingi, na jivu huuongezea chokaa ile ile.

Babu alitia chumvi ya mawe shinani mwa mnazi ukazaa. Nitie kwenye mihindi? (Likoni)

Usithubutu. Mnazi hupenda kloridi iliyomo kwenye chumvi, ndiyo maana Ufilipino wakulima hutia chumvi minazi yao. Lakini chumvi ya bahari ni kloridi ya sodiamu, si ya potasiamu, na mhindi hauistahimili. Mnazi wako ukitaka kuulisha vyote viwili, upe MOP: ina kloridi na potasiamu pamoja.