WRX iliyotembea kilomita laki mbili: uichukue au uiache?

Kila baada ya muda napigiwa simu na mtu, mara nyingi kijana aliyeanza kazi juzijuzi, ameona Subaru Impreza WRX ya 2003 au 2004 inauzwa kwa bei inayokaribia ya Toyota IST. Bluu, rimu za dhahabu, dashibodi inasoma laki moja na tisini. Anataka ainunue, aitengeneze taratibu. "Sasa kaka, hizo kilomita si nyingi mno?"

Mimi namuuliza kwanza: una gari jingine la kwendea kazini? Kama hana, mazungumzo yanaishia hapo. Gari la kutengeneza taratibu maana yake ni gari litakalokaa juu ya mawe wiki kadhaa likisubiri kifaa. Bushi, breki na bearingi za magurudumu utapata Ilala siku hiyohiyo. Ringi za pistoni au kifaa cha ndani ya tabo (ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada) huenda ukaagiza Japani, na mshahara nao hausubiri.

Tuje kwenye kilomita. Laki moja na tisini kwa gari la miaka ishirini na ushee ni chini ya elfu kumi kwa mwaka. Hayo ni matembezi ya kawaida kabisa. Ninayoiogopa ni ile ya umri huohuo inayosoma elfu themanini, kwa sababu kurudisha namba nyuma ni kazi ndogo sana kwa mwenye kifaa chake. Chukua namba ya chasisi, tafuta karatasi ya mnada wa Japani. Kama gari lilipita mnadani, humo zimo kilomita za siku ile, na ukiona daraja la R au RA ujue liliwahi kugongwa likarekebishwa. Mimi niko tayari kuchukua ya laki mbili na nusu yenye risiti za oili kuliko ya elfu themanini yenye maneno matupu.

Risiti ninayoitafuta kuliko zote ni ya mkanda wa taimingi. Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika kwenye EJ20 ya tabo, ndiyo injini ya gari hili, pistoni zinagonga valvu, na hapo unafungua injini yote. Kama muuzaji hana ushahidi, hesabu kwamba haukubadilishwa: weka bei ya mkanda, tensheni, roli zake na pampu ya maji, kisha zipunguze kwenye bei yake.

Ukienda kuliona, nenda asubuhi na mapema, na umwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Nimewahi kukuta boneti ya moto saa moja asubuhi, mwenyewe anasema "nililisogeza tu kidogo." Injini hii ina pistoni zilizolala, na ikiwa baridi si ajabu usikie mlio mkavu wa pistoni unaopungua kadiri inavyopata moto. Huo unaweza kuishi nao. Mlio mzito unaotoka chini, unaozidi kadiri oili inavyopata moto na wepesi, ni bearingi za koni-rodi. Hapo funga boneti, shukuru, ondoka. Chomoa pia kijiti cha oili ukipangusie kitambaa cheupe juani. Ukiona vumbi linalometameta, ni chuma kinachosagika.

Kisha tafuta kiwanja, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole bila kukanyaga mafuta. Gari likishikashika kana kwamba mtu anavuta handibreki, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imechoka. Mara nyingi chanzo ni matairi: mtu alinunua mawili mapya, akaacha mawili yaliyokwisha, na mfumo wa kuvuta magurudumu manne ukapika difu. Gia boksi ya spidi tano nayo si ngumu. Ya spidi sita iko kwenye STI, toleo kali zaidi la WRX, na ndiyo maana STI haishuki bei.

Kuna hizi zilizochezewa: bomba kubwa, presha ya tabo imepandishwa, na ule mlio wa "pshh" kila akibadili gia. Kompyuta ya gari hili hupima hewa inapoingia, kwa hiyo ukiitoa nje kwa kujionesha, petroli inazidi ndani. Baya zaidi, magari ya Japani yalipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati, mara nyingi hukaribia 100. Ya kwetu iko chini. Ukiongeza presha juu ya hapo bila fundi anayejua kupanga kompyuta, pistoni zinavunjika. Tafuta ambayo haijaguswa, hata kama haina mbwembwe.

Najua mapenzi haya yanatoka wapi. Dereva wa mbio Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, mwenzake Richard Burns akarudia 2000, na rangi ile ya bluu haikutoka tena vichwani. Muuzaji naye anajua, kaiweka kwenye bei.

Bei yoyote mtakayokubaliana, kiasi kama hicho cha matengenezo kiwe pembeni kabla hujalipa. Deni la trafiki na jina kwenye kadi ni mambo ya dakika kumi, yaangalie. Fundi ndiye wa kuchagua vizuri: muulize anatoaje plagi kwenye injini hii, zikiwa zimejificha ubavuni karibu na chasisi. Aliyewahi kuzitoa atakueleza huku anacheka.

Na kama huna gari la pili lakini moyo haukubali, iko Impreza ya 1.5 isiyo na tabo. Bodi ni ileile na spea nyingi za miguu zinafanana. Anza na hiyo, ujifunze mikono yako inaweza nini.