Wadogo zangu mnaokuja misheni Nairobi, begi sio tatizo

Kuna mdogo wangu mmoja wa kanisani kwetu Dar (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi wanatuita Wamormoni) kaniandikia juzi, kapata wito, anakuja Nairobi miaka miwili, swali lake ni moja tu: kaka nibebe nini? Nikaanza kumjibu vizuri kabisa, masweta mawili, soksi nyingi, viatu vya soli ngumu, nikafika katikati nikafuta zote maana niliona namdanganya, kilichonisumbua mimi huku hakikuwa kwenye begi hata kidogo. Kwa hiyo naandika hapa kwa urefu na wengine mnaokuja mjisomee.

Mimi nilitumikia hapahapa Nairobi, nikamaliza, nikarudi nyumbani, halafu kutafuta maisha kukanirudisha tena huku, sasa hivi nakaa Umoja natengeneza simu za watu. Misionari wa mfano sikuwa, nawaambia mapema. Kuna asubuhi saa kumi na mbili na nusu ya kuamka ilinikuta macho yamefunguka lakini mwili umegoma, na kuna siku nilimchukia mwenza wangu, yaani misionari niliyepangiwa kuishi na kutumikia naye, kwa sababu ya namna anavyotafuna.

Haya, sweta beba lakini. Mtoto wa Dar ukiambiwa Nairobi kuna baridi unacheka, unasema si Afrika Mashariki hiihii, njoo Julai uone. Mji uko juu karibu mita 1,800, jua linakaa nyuma ya mawingu wiki nzima, na wewe una shati jeupe ulilofua jana usiku kwa mikono na bado lina unyevu kwenye kola. Nilivaa shati bichi mara nyingi kuliko nilivyokula nyama.

Kitu cha kwanza kitakachokuchekesha ni jina. Elda, cheo cha misionari wa kiume, kwa Kiswahili chetu cha kanisani ni Mzee, sasa una miaka 18 au 19, ndevu zenyewe za kutafuta na tochi, unaitwa Mzee Fulani mbele za watu. Kulikuwa na fundi viatu mmoja Kayole, akituona tu anatangaza "wazee wa mtaa wamefika", halafu anacheka peke yake mpaka anaweka nyundo chini. Dada zetu wao wana raha, wanaitwa Dada na hakuna anayeshtuka. Na shikamoo yako usiiache nyumbani ila ujue huku wengi hawakujibu marahaba, wanakutazama tu, wanajua umetoka Tanzania, na hapo stori imeshaanza bila kutafuta pa kuanzia. Mimi shikamoo ilinifungulia mageti mengi kuliko mistari yote niliyokariri Johannesburg kwenye kituo cha mafunzo.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Watu watakwambia utawamiss wazazi siku ya kwanza. Sio kweli, siku ya kwanza umechanganyikiwa, wiki ya kwanza kila kitu ni kipya, mkufunzi wako anatembea kama anafukuzwa na wewe unamfuata tu. Inakuja baadaye, na inakuja kwa mlango wa nyuma. Mimi ilinijia wiki ya tano, ndani ya matatu 46 ya Kawangware, mama mmoja amekaa mbele yangu kajipaka mafuta ya nazi kichwani, harufu ileile ya bibi yangu, nikageuza uso dirishani machozi yanatoka na konda ananidai nauli. Mwenza wangu akalipa, hakuuliza kitu. Kwa hiyo ikikujia kwenye matatu au kwenye foleni ya maji usijione umelogwa wala imani yako imepungua.

Simu ya nyumbani ni kila wiki, siku ya maandalizi, ile ya kufua na kununua mahitaji, na kwetu ilikuwa Jumatatu. Kaka zetu waliotutangulia hawakuwa na bahati hiyo, mpaka mwanzoni mwa 2019 ilikuwa barua pepe tu kila wiki na kupiga simu ni Krismasi na Siku ya Mama basi. Nyie mnapiga video kila wiki, na wazee wengine wanasema mmedekezwa. Mimi nasema ile simu ni dawa ila ukiikosea inakuwa ugonjwa, na mimi niliikosea karibu mwaka mzima.

Nilivyoikosea ni hivi. Mama akiuliza hali nasema niko poa. Nimeumwa taifodi wiki mbili nimelala godoro limelowa jasho, Jumatatu najipangusa, navaa tai, nakaa sehemu yenye mwanga, mama niko poa, kazi inaenda. Mama naye huko anasema sisi wote wazima, bibi anakusalimia. Kila Jumatatu anakusalimia. Namwambia nipe niongee naye, kalala, kaenda kwa jirani, simu ina chaji ndogo. Mimi sikushtuka, wala. Ikaja Jumatatu moja mama kaingia jikoni kamwachia simu mdogo wangu wa kike, tunapiga stori zetu, akapitiwa akasema bibi akitoka hospitali watamhamishia chumba changu. Mwenzenu nikakaa kimya. Kumbe ni wiki ya tatu kalazwa, presha imempiga mguu na mkono wa kushoto, na nyumba nzima imekula kiapo nisiambiwe nisije nikashindwa kazi ya Bwana.

Nilikasirika sana, na bibi huyo ndiye aliyenilea mpaka darasa la nne. Lakini usiku wakati nimelala nikaona nitamkasirikia vipi mama na mimi nimeficha taifodi? Tulikuwa tunadanganyana kwa upendo, kila mtu anamlinda mwenzake, mwisho wa siku tunaongea kila wiki na hakuna anayejua mwenzake anaishi vipi. Jumatatu iliyofuata nikamwambia mama yote, godoro, jasho, na kwamba kuna wiki niliangalia bei ya basi la kurudi Dar. Akalia, na mimi nikalia, mwenza wangu akajifanya anasugua sufuria ambayo ilishasafishwa toka jana. Halafu mama ndiye akaweka sheria: kuanzia leo tukipiga simu tunatoa taka kwanza. Yaani kila mtu anaanza na jambo moja baya la wiki, likishatoka ndio mengine.

Fanyeni hivyo. Ongeeni na wazazi kabla hamjapanda ndege, wakubali kabisa kwamba mtu akilazwa utaambiwa siku hiyohiyo. Wakikuficha jambo hawakulindi, wanakuchelewesha tu. Na upande wako usiigeuze ile simu kuwa ndio wiki yako, kuna wenzangu walikuwa wanaishi Jumatatu hadi Jumatatu, siku sita zote wanasubiri saa moja ya simu, halafu ikikatika wanakaa chini wamekwisha mpaka Jumatano. Miaka miwili ni Jumatatu 104 hivi, dada zetu wa miezi 18 kama 78, hesabu ndogo tu, lakini huwezi kuishi kwenye hizo siku peke yake. Ukikata simu toka nje, fua, katembee sokoni, usikae kwenye kile chumba.

Mwenza sasa. Hapa hakuna anayekuandaa vya kutosha. Saa 24 uko na mtu mmoja, kanuni ni kuonana na kusikiana muda wote, mtu ambaye hukumchagua, na kila wiki sita inaweza kuja transifa mkatenganishwa au mkabaki. Utapewa Mganda, Mkongo, kijana wa Utah ambaye hajawahi kuosha sufuria maishani, na wote watakuwa na namna yao ya kuacha maji yakitiririka bafuni wakati maji kwetu Eastlands, upande wa mashariki wa mji, yalikuwa yanakuja siku mbili kwa wiki. Hasira za misheni nyingi sio za dini, ni za ndoo. Nilichojifunza ni kusema siku hiyohiyo na kusema kitu kidogo kilekile, usikusanye. Mimi nilikusanya, nilikaa na Mzimbabwe mmoja tukanuniana siku tisa kwa sababu ya pasi, pasi jamani, tunatoka asubuhi tunafundisha familia habari za upendo nyumbani halafu tukirudi hatusalimiani.

Na ni huyohuyo. Mwezi wa 17 bibi akafariki, niliambiwa asubuhi ileile, sheria ya taka ilifanya kazi. Rais wa misheni, kiongozi wa misionari wote wa eneo, akanipigia mwenyewe, tukaongea, nikaamua kubaki, na sitaki mtu achukue hilo kama ndio jibu sahihi, mwingine angeenda na angekuwa sawa. Wakamzika mimi nikiwa kwenye simu, yaani niliangalia mazishi kwa video ya mdogo wangu, mkono unamtetemeka naona udongo, naona viatu, naona mbingu. Mzimbabwe wa pasi alikaa pembeni yangu sakafuni muda wote hakutia neno, ilipoisha akaingia jikoni akasonga ugali wa kwao, wanaita sadza, akanigawia sehemu kubwa. Toka siku hiyo pasi akawa anaitumia hata usiku wa manane, sikuwahi kusema kitu.

Mengine ya mji nitayapitia haraka. Ukiwa na mwenza mzungu usimtume sokoni, nyanya za hamsini zinakuwa mia. Simu usiitoe kwenye dirisha la matatu mjini, itaondoka na mkono. Mtu akikwambia "mkuje kesho" na hajataja saa, hiyo ni hapana ya adabu, usiende ukamgongea saa mbili asubuhi kama nilivyofanya. Utaulizwa kama nyie ni iluminati, utaulizwa una wake wangapi, mwambie kanisa liliacha rasmi mitala 1890 na wewe hata mchumba huna, watacheka yataisha.

Chai ndio kesi kubwa. Sisi hatunywi chai ya majani wala kahawa, na unakuja kwenye nchi ambayo mgeni kabla hajakaa chini kikombe kishawekwa. Kukataa chai kwenye nyumba ya Mkenya sio jambo dogo, mtu anaona umemdharau au unaogopa atakuwekea kitu. Mwanzoni nilikuwa najifanya mjanja, nasema mama mimi natumia maziwa tu ya moto, naona nimetatua. Kuna mama mmoja Kayole, anauza mboga, watoto wanne, akasema hakuna shida mwanangu, akamtuma mtoto dukani. Maziwa yakaja, akachemsha, akatia sukari, tukanywa mimi na mwenza wangu pakiti nzima, na wale watoto wamesimama mlangoni wanaangalia vikombe. Chai yake ya mchana ilikuwa ya rangi, haikuwa na tone la maziwa. Nikanywa na kila funda lilinikaba. Tangu pale nikawa naomba maji kabla hajawasha jiko, naomba kwa sauti, mama nina kiu ya maji sijui nikwambieje, anakupa maji, anafurahi amekukaribisha, na hujamla mtu.

La mwisho ni kurudi mapema, hili watu hawaliongelei. Kuna kijana nilikaa naye, mwezi wa nne hakuweza tena, halali, hali, anatetemeka ukitaja kutoka nje. Alirudi kwao. Kuna watu walisema maneno ya hovyo sana, hata wa kanisani, kwamba hakuomba vya kutosha, mimi nilikuwa nalala kitanda cha pili naye na nilikuwa nasikia anavyoomba. Ukiona umefika hapo mwambie rais wa misheni au mke wake mapema, kuna msaada wa washauri, usisubiri mpaka uanguke. Na kama itabidi urudi, rudi.

Hekalu letu la Nairobi mimi nililiona likijengwa tu, napita Waiyaki Way nanyoosha shingo dirishani, lilitangazwa 2017 na limewekwa wakfu Mei 2025 nimeshamaliza zamani. Nyie mtalikuta limesimama. Nawaonea wivu kidogo, sifichi.

Yule mdogo wangu aliyepitiwa kwenye simu na yeye sasa yuko misheni, Lusaka. Jumatatu nafunga kibanda mapema, wananiunganisha na Dar tunaongea watatu. Wiki iliyopita katokea kwenye video kapaka mafuta usoni, tabasamu mpaka masikioni, kaka niko poa kabisa huku. Mama akamwambia we mtoto, taka kwanza. Akakaa kimya kidogo, halafu akaangalia pembeni kama mwenza wake anasikia, akasema kwa sauti ndogo: "Huyu dada anakoroma."