Kutawa si usista tu

Umeuliza kama "kutawa" ni kuwa sista. Hapana ndugu yangu, neno ni pana zaidi. Kutawa ni kukaa ndani, mbali na macho ya watu. Kwetu pwani, mwanamke aliyetawa ni yule asiyetoka ovyo wala kuonekana na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio ndugu wa karibu ambao hawezi kuolewa nao: "Bibi alitawa tangu alipovunja ungo." Akiwekwa ndani na wazee wake, tunasema ametawishwa, na tofauti hiyo ni kubwa, maana hapo uamuzi haukuwa wake. Wakristo nao wanalitumia kwa maisha ya nadhiri, ndiyo tuna utawa na mashirika ya kitawa. Mtawa anaweza kuwa mwanamume pia, wengi wanalisahau hilo.