Petroli Inanuka Asubuhi, Mchana Kimya

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Tukuyu, mwalimu. Alibadilisha filta ya mafuta mwenyewe kwenye Corolla 110 yake, na tangu hapo kila asubuhi gari linanuka petroli. Likishapata moto, harufu inakwisha. Alilipeleka gereji mchana, fundi akafungua boneti, hakuona kitu, na hela ya kuangalia akachukua. "Kaka, niuze gari au nifanyeje?"

Usiuze, mwalimu. Mimi nina 110 pia, na nimepita humo humo ulimo. Tatizo nililimaliza mwenyewe, hapa hapa Uyole, Mbeya, kwa hiyo nivumilie nikijisifu kidogo.

Filta ya 110 iko chini ya boneti, siyo ndani ya tanki kama ya IST. Mpira wa mafuta unafungwa juu yake kwa bolti yenye tundu katikati, na bolti hiyo inakaa na washa mbili laini, yaani vipete bapa vya metali, moja juu ya kichwa cha mpira, nyingine chini. Kinachozuia mafuta ni hizo washa. Ukikaza bolti zinaminywa na kuziba kila mkwaruzo. Zikishaminywa mara moja kazi yake imekwisha, maana zimeshika umbo la pale zilipokaa mwanzo.

Filta niliyonunua Mwanjelwa haikuwa na washa kwenye boksi. Niliuliza, jamani, niliuliza! Muuzaji akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Bosi, za zamani bado nzima, rudishia tu." Mtu niliyemletea wateja kibao. Mpaka leo nikifika pale natembea upande wa pili wa barabara.

Basi ikaja baridi ya Julai, na nyinyi wa huku mnaijua. Gari likilala nje usiku, chuma na mpira vinasinyaa, na pengo dogo ambalo mchana halipo linafunguka. Injini ikipata moto vinatanuka, pengo linajifunga. Na petroli siyo oili, haiachi doa la kukusubiri. Inakauka mara moja, inabaki harufu tu, na harufu nayo inaondoka. Fundi niliyemwendea saa saba mchana alinicheka mbele ya vijana wake: "Wewe na YouTube zako, gari zima hili." Niliondoka kimya. Lakini sikusahau.

Kesho yake niliamka kabla ya jua. Hapa wengi wanakosea: wanawasha swichi, wanachungulia chini, hawaoni tone, wanasema liko sawa. Kwenye Toyota za umri huu pampu haifanyi kazi ya maana kwa swichi peke yake, inasubiri injini izunguke. Bila pampu hakuna presha, na bila presha hakuna kinachovuja. Kwenye gari la noseli, yaani vinyunyizio vya mafuta, presha ya mafuta ni kama baa 3, wakati la kabureta halifiki hata baa 1. Kwa hiyo niliwasha injini, nikaiacha kidogo, nikazima, kisha haraka nikapitisha karatasi nyeupe kavu kwenye kila kiungo, presha ikiwa bado imo kwenye mpira. Chini ya ile bolti karatasi ikalowa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jirani akashauri nikaze. Kila mtu atakwambia ukaze! Washa iliyokufa haifufuki kwa spana. Utakachopata ni kuua nyuzi za filta, halafu urudi dukani kununua nyingine. Badilisha washa, mwalimu. Chukua ya zamani kama sampuli, ununue mbili mpya za saizi ile ile.

Kazi yenyewe ni fupi. Injini iwe baridi. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata tena kidogo kuimaliza presha, kisha toa terminal hasi ya betri. Weka kitambaa chini ya bolti, maana kiasi fulani lazima kitamwagika. Futa nyuso zote mbili, anza bolti kwa mkono, ndipo ushike spana. Ukimaliza, jaribu kwa karatasi alfajiri ya baridi. Jaribio la mchana usiliamini.

Sasa nisikilize vizuri. Huku kwetu watu wanafanya kazi kibarazani jiko la mkaa likiwa hatua chache pembeni, eti baridi. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Uyole haiisumbui hata kidogo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kulifuata jiko lilipo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa kwa petroli iliyomwagika kwenye lori. Zima jiko kabisa, simu weka mbali, na ule mtungi wa kuzimia moto ulioununua kwa ajili ya trafiki utoe uuweke karibu. Maji usithubutu, yanausambaza moto.

Mwalimu aliuliza pia kuhusu kuziba uvujaji kwa sabuni. Sabuni ya mche kwenye tanki lililotoboka inasaidia, maana petroli haiiyeyushi na ndani ya tanki hakuna presha ya kutisha. Inaweza kukutoa Tukuyu ikakupandisha Isyonje mpaka Uyole. Kwenye mpira unaotoka pampu ni kujidanganya, na gundi ya silikoni ndiyo kabisa, petroli inailainisha ikatoka vipande.

Na kama karatasi yako ikilowa kwenye noseli badala ya bolti, hapo ni oringi, zile pete za mpira, zilizokakamaa. Badilisha za noseli zote nne kwa pamoja, na dukani sema wazi unataka za petroli. Oringi za maji zinafanana nazo, lakini zikikutana na petroli zinavimba.