Shilingi 500 kwa Mwezi: Ushauri kwa Mjumbe Mpya wa Kamati ya Shule

Nilipochaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi mtaani kwetu, nilikwenda na imani niliyoirithi kwa mama, mwalimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) aliyeanza kufundisha akiwa na elimu ya darasa la saba, kwamba serikali ikitia fedha shuleni uchumi utakua wenyewe. Leja ya shule ilinipunguzia imani hiyo.

Ruzuku ya uendeshaji ilipoanza hapa Tanzania chini ya MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ilipangwa iwe takriban shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sawa na dola 10 za wakati ule. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa kilekile ilhali dola moja ilikwisha kupita shilingi 2,000. Tena 4,000 zilizuiwa kwa ajili ya vitabu, shuleni zikaja 6,000, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Katika kikao changu cha kwanza tulibishana nusu saa kama tununue rimu za mitihani au kitasa cha stoo. Kitasa kilishinda, maana bila hicho hata rimu zisingelala salama.

Kwa hiyo usiishie kuuliza zimepangwa shilingi ngapi. Uliza zinanunua nini kwa bei za leo, na kama zilifika katika muhula uliokusudiwa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na wengi mno waliandikishwa kweli, lakini bei ya mafuta ilipopanda na vita vya Kagera vikakausha hazina, michango ya wazazi ilirudi miaka ya 1980 na uandikishaji ukashuka. Hapo, kwa maoni yangu, uchumi ndio ulioivuta shule chini. Indonesia, ambayo mafuta yaleyale yaliineemesha, ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 kati ya 1973 na 1979, na mchumi Esther Duflo alipochunguza takwimu za mwaka 1995 alikuta kwamba shule hizo ziliwaongezea watoto wale miaka ya masomo na, walipokuwa watu wazima, mishahara. Miaka zaidi ya ishirini ilikwisha kupita, muda ambao kamati yetu, inayohesabu kwa mihula, haikuwahi kuujadili.

Ndiyo maana nakushauri uombe leja za miaka mitano iliyopita kabla ya kikao chako cha kwanza. Sisi tulipata tatu. Mbili zilikuwa stoo, na mchwa walizifikia kabla ya kitasa.