Maiki, waya na godoro: majibu kwa wanaorekodi nyumbani

Maswali mengi ya safari hii yanauliza maikrofoni ipi ni bora. Nimejibu matano, na mara nyingi nimelazimika kuanzia mbali na maikrofoni yenyewe.

Nina shilingi 250,000, naimba. Nimepanga chumba kimoja cha bati, jirani ana redio. Ninunue maiki ya kondensa kama za studio? (Msanii chipukizi, Mbagala)

Mdogo wangu, kondensa iache kwanza. Maiki ya aina hiyo inasikia kila kitu: redio ya jirani, jogoo, feni, bodaboda inayopita uchochoroni. Studio wanaimudu kwa sababu chumba chao kimeshatulizwa. Wewe chukua dainamiki, aina ya zile zinazoshikwa mkononi jukwaani. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ndiyo inayojulikana zaidi, na zipo za bei ya chini zinazofanya kazi nzuri. Ukiuziwa SM58 kwa bei ya kutupa, iombee mizani hapohapo dukani: ya kweli ina gramu 298. Ikipungua sana, mrudishie mwenyewe.

Usimalize fedha yote kwenye maiki. Unahitaji pia kadi ya sauti ya nje, kile kiboksi kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB, pamoja na waya wa maiki na hedifoni ya waya.

Sasa chumba. Simama katikati, piga kofi moja, sikiliza. Ukisikia kamlio kembamba kanarudi kutoka ukutani, ujue hako kataingia kwenye wimbo wako. Lisimamishe godoro ukutani, tena liwe mgongoni kwako. Wengi huliweka nyuma ya maiki, na hapo wanakosea: maiki hii haisikii sana upande wake wa nyuma, inasikia mbele yake, yaani wewe na ukuta ulio nyuma yako. Sakafuni tandika blanketi. Kanga haitoshi, ni nyepesi mno. Mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki iinamishwe kidogo pembeni ili "p" na "b" zisiipulize.

Kwenye programu ya kurekodia chagua biti 24, na unapoimba kwa nguvu zako zote mshale wa kipimo cha sauti uishie karibu na desibeli -12. Mvua ikianza kupiga bati, weka maiki chini usubiri. Programu za kusafisha sauti zipo, lakini mvua ikishaingia ndani ya sauti yako haitoki bila kuondoka na kipande chako.

Nimenunua maiki ya kondensa yenye mkono wa chuma, nimechomeka kwenye laptopu, sauti inasikika kama mtu ananong'ona. Nimetapeliwa? (Kisumu)

Huenda hukutapeliwa. Kondensa nyingi za waya wa XLR, ule wenye plagi ya pini tatu, zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, na tundu la hedifoni la laptopu halitoi umeme huo. Tafuta kadi yenye kitufe kilichoandikwa 48V, ukibonye, uijaribu tena kabla hujaitupa.

Mimi napiga udi Maskati, kaka yangu anapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, Unguja. Tukijaribu kupiga bashrafu (muziki wa vyombo wa kufungulia taarabu) pamoja kwa simu ya video tunapishana kila mara. Tununue vifaa gani? (Maskati)

Ndugu yangu, swali lako limenigusa, kwa hiyo nakujibu kwa ukweli: hakuna kifaa kitakachowakalisha kwenye mkeka mmoja.

Hewani sauti huchukua takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Wapigaji wakikaa mita tatu wanasikilizana barabara. Ucheleweshaji ukifika milisekunde 25 au 30, kila mmoja anaanza kumngojea mwenzake na mwendo unazidi kuzorota. Toka Maskati hadi Unguja ni karibu kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 20 zimeshakwenda kabla hujahesabu mizunguko ya kebo, ruta na kompyuta zenu mbili.

Fanyeni hivi. Kaka apige kanuni akisikiliza metronomu, kile kigonga mapigo, kwenye hedifoni, arekodi, akutumie faili. Wewe weka udi wako juu yake, umrudishie. Kwa WhatsApp tumeni kama hati, msitumie ujumbe wa sauti, maana huo hukamuliwa ukapungua ubora. Kwa biti 24 na kilohezi 48, chaneli moja ya WAV ni karibu megabaiti 9 kwa dakika, basi pangeni bando mapema. Maiki ya udi ikae shubiri moja na nusu kutoka kwenye chombo, ikitazama pale shingo inapokutana na tumbo. Ukiielekeza kwenye tundu, sauti nzito zitavimba na mlio wa mzrab, kile kijiti cha kupigia nyuzi, utapotea.

Mkitaka raha ya kuonana, kaka apige peke yake nawe umfuate maiki yako ikiwa imezimwa. Kwako itapangana sawasawa, na siku ya pili mnabadilishana.

Kwa walio mji mmoja, programu za bure za kupiga muziki pamoja mtandaoni, Jamulus na SonoBus, zinaweza kufaa, ila wote wawe na kadi ya sauti na kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta. Waifai hukatakata.

Nafundisha fidla kwa Zoom. Mwanafunzi akivuta noti ndefu, sauti inafifia na kutoweka. Tatizo ni maiki yake? (Mwalimu, Nairobi)

Mwalimu, maiki yake haina kosa. Zoom imetengenezwa kwa mazungumzo, kwa hiyo noti isiyobadilika huihesabu kama mvumo wa feni na kuifuta. Nenda mipangilio ya sauti, chagua sauti asilia kwa wanamuziki, zima kiondoa mwangwi, na yeye afanye vivyo hivyo. Kiondoa mwangwi kikizimwa, nyote vaeni hedifoni, la sivyo sauti itazunguka kutoka spika hadi maiki. Mara nyingi mpangilio huu lazima uwashwe tena ndani ya kikao chenyewe, kwenye kona ya juu ya dirisha. Mwanafunzi akumbushwe kila somo.

Nikirekodi kwa hedifoni za Bluetooth, najisikia nimechelewa. Kwa nini? (Tanga)

Kwa sababu umechelewa kweli. Bluetooth huifunga sauti na kuifungua upya, na nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Hizo baki nazo za kusikilizia kwenye daladala. Kwa kurekodi vaa za waya, zilizofunika masikio yote, mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki.